Kwa Nini Nilijua Kuishika Bastola Ile

Mwanangu Rehema,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nakwambia mapema ili usihangaike kuitafuta katikati ya mistari. Umekwenda Silver Spring kuwaaga rafiki zako. Maboksi yako yamejaa sebuleni hadi sina pa kuweka mguu, nami nimekaa mezani jikoni. Mambo ya kula, kulala na kufunga milango sikuandikii. Unayajua, na usiyoyajua yatakufunza yenyewe. Nimeandika Kiswahili kwa makusudi. Nikiyasema haya kwa Kiingereza yatatoka mepesi, nami sitaki yatoke mepesi. Soma taratibu.

Tangu Jumamosi hujanisikia nikisema zaidi ya "chakula kipo." Uliniuliza swali pale dukani, sikukujibu. Ukalirudia njia nzima tukirudi huku Wheaton, nikaongeza sauti ya redio. Jibu lake ni hili.

Kwanza nikukumbushe ilivyokuwa, maana wewe uliona jambo moja na mimi nikaona jingine. Uliniambia twende Woodbridge, kule Virginia, nikaone nyumba unayohamia. Tukaiona, nikaipenda, jikoni kuna dirisha kubwa na jua linaingia. Kisha ukasema, "Mama, dakika tano tu, kuna kitu nataka kuangalia," ukaegesha gari mbele ya duka la silaha, katikati ya saluni ya kucha na duka la magodoro. Nilidhani umekosea mlango.

Yule muuzaji alikuwa mtu mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hilo nalo lilinikera. Ningependa awe na sura mbaya. Akakuuliza unaitaka kwa ajili ya nini. Nawe ukamwambia. Ukamwambia mtu ambaye hata jina lako hajui kwamba kuna mwanamume aliyekuja kusafishwa meno kliniki kwenu, na tangu mwezi wa Ramadhani anakungoja jioni kwenye gereji ya kuegesha magari. Kwamba analijua gari lako, na amekuwekea maua kwenye kioo. Kwamba siku moja alikufuata mpaka karibu na stesheni ya Wheaton, ukazunguka mitaa kwa hofu asije akaona unapoishi. Kwamba ulikwenda polisi, wakakwambia uandike kila anachokifanya, lakini mpaka afanye kitu hawana la kumfanya. Kwamba ndiyo sababu unahama.

Mimi niliambiwa unahama kwa sababu umepata kazi nzuri zaidi. Nikapika pilau, nikaita watu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Rehema, nikisikiliza. Muuza bastola alijua kabla ya mama yako. Tangu siku hiyo kila nikiosha chombo nakumbuka jioni zote za Ramadhani ulizochelewa kufuturu, ukaniambia ni foleni ya magari, nami nikakugombeza kwa sababu uji umepoa.

Basi akakutolea bastola kadhaa kutoka chini ya kioo, akazipanga juu ya kitambaa. Akakwambia ile nyeusi ya risasi nyembamba, zile za namba ishirini na mbili, haina teke, hairuki mkononi ikifyatuka, wanawake wengi wanaipenda. Ile nyingine bapa, akasema, inakaa mfukoni kama simu. Ukaniambia, "Mama, usi-worry, nime-research." Ukaichukua ile ndogo kuliko zote, ukaibandika kiunoni juu ya sweta, ukageuka kwenye kioo cha ukutani uone kama inatokeza. Mdomo wa bastola ulikuwa unatazama paja lako, na kidole chako kilikuwa mahali ambapo kidole hakipaswi kuwa.

Ndipo nilipokunyang'anya. Nikaielekeza ukutani, nikatoa magazini ya risasi, nikavuta chuma cha juu nyuma, nikachungulia ndani, nikatia kidole kuhakikisha hamna risasi, nikailaza juu ya kitambaa ikiwa wazi. Muuzaji akavaa miwani yake. Wewe ukasema, "Mama, where did you learn that?"

Nilijifunza kwa mjomba wako Shaban.

Unamjua Shaban wa kwenye simu, anayekupigia kila Idi kutoka Tanga na kukuita "mjomba" kama unavyomwita yeye. Shaban niliyekuwa naye hapa humkumbuki. Ulikuwa mdogo. Tuliishi watatu Woodbridge, si mbali na hapo unapohamia. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake Ohio. Shaban alikuwa fundi wa mabomba kwenye majengo mapya, mimi nikiuza dukani kwenye kituo cha mafuta. Mwishoni mwa wiki nilikuwa nafanya zamu mbili, kwa hiyo nilikuwa nakupeleka Wheaton kwa Mama Furaha, yule Mkongomani aliyekuwa akilea watoto nyumbani kwake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alasiri moja ya mvua aliingia kijana amevaa kofia ya koti, akanivuta kilemba, akanibamiza uso kwenye kaunta, akachukua sigara na vilivyokuwamo kwenye droo. Akatoka akitembea. Hata hakukimbia. Bosi wangu aliponipigia simu aliuliza kwanza kama kamera ilikuwa inafanya kazi.

Shaban akaniona uso umevimba. Jumapili yake akanipeleka duka kama lile lako. Akalipa yeye, karatasi akajaza yeye, akasema ni zawadi kwa dada yake. Lakini aliyeichagua ni mimi. Na niliichagua kama ulivyochagua wewe, kwa udogo. Nilitaka kitu kitakachokaa kwenye mfuko wa aproni na kisionekane. Nadhani nilitaka hata mimi mwenyewe nisiione sana.

Sasa nisikilize, maana hili yule bwana hakukwambia. Ndogo ndiyo ngumu. Ile bapa kama simu ina teke kubwa kwa sababu haina uzito wa kulimeza. Kidole chako cha mwisho kinakosa pa kushika, kinabaki kinaning'inia. Siku ya kwanza Shaban aliponipeleka kulenga shabaha, ilinichuna hapa kati ya gumba na shahada. Nilipiga karatasi, nikapiga dari, nikapiga kila kitu isipokuwa nilichoambiwa. Ile ya ishirini na mbili ni kweli haina teke, lakini risasi zake ni za namna ambayo mara kwa mara moja inagoma. Unabonyeza, unasikia tak, basi. Na vile vidude vidogo ukivitia mfukoni vinajaa nyuzi na vumbi la biskuti. Yangu iligoma mikononi mwangu mbele ya kipande cha karatasi kisichonifanya lolote, nikaganda. Jiulize ingekuwaje mbele ya mtu.

Shaban alikuwa akinisimamia nyuma. "Dada, usiifumbie macho." Nikamwambia sifumbi. "Unafumba. Unafumba kabla hujabonyeza."

Nilihudhuria darasa, nikapata kibali cha mahakama ya Virginia cha kubeba silaha iliyofichwa. Nikaanza kwenda nayo kazini. Sasa nikuambie ilichonifanyia. Unadhani ilinipa amani? Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihabeshi aliyekuwa akija kila asubuhi kununua gazeti, ananisalimia na kuulizia habari zako kwa jina. Siku moja akaingiza mkono ndani ya koti kutafuta miwani. Mkono wangu ukashuka kwenye aproni wenyewe. Akauona. Alikuwa mtu mzima, alielewa mara moja. Akaitoa miwani polepole, akanionyesha kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho, akaweka hela ya gazeti kaunta, akaondoka. Hakurudi tena. Mimi, niliyelia kwa kubamizwa na mtu, nikawa mtu wa kuogopwa na mzee mwenye gazeti. Na bado niliendelea kuibeba. Nilijiambia ni yeye aliyefanya haraka kutia mkono kotini.

Kisha ikaja Jumapili ile. Mama Furaha alipiga simu dukani asubuhi. "Mama Rehema, kuja vite, kuja mbio, mutoto hapumue muzuri." Pumu yako. Nilitoka na aproni yangu. Shaban akanichukua kwa gari lake, tukaingia barabara kuu kuelekea Maryland. Ile bastola ndani ya aproni ilikuwa inanichoma kiunoni kila nikikaa vizuri, maana ndogo au kubwa, chuma ni chuma. Nikaitoa, nikaitia kwenye kisanduku cha dashibodi, nikafunga. Sikufikiria kitu. Nilikuwa nafikiria kifua chako.

Tulivuka mto. Kibali changu, Rehema, kiliishia pale katikati ya daraja. Virginia nilikuwa mama mwenye kibali, upande wa pili nikawa mhalifu, na gari lilikuwa halijapunguza hata mwendo. Darasani walikuwa wametuambia. Niliandika hata kwenye karatasi zangu. Lakini unaposikia mwanao hapumui, hukumbuki ya darasani.

Taa ya nyuma ya gari la Shaban ilikuwa imekufa. Polisi akatusimamisha. Akaomba leseni na kadi ya gari. Shaban hakujua nilichokitia mle. Akafungua kisanduku atoe kadi, ikateleza ikaanguka miguuni pangu mbele ya macho ya polisi.

Tulitolewa, tukakalishwa ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, magari yanapita. Polisi akauliza ni ya nani. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Shaban akanitazama, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Dada, mtoto." Kisha akamgeukia polisi akamwambia kwa Kiingereza kwamba ni yake.

Gari lake, jina lake kwenye karatasi za kununua. Wakamwamini.

Askari wa kike alinihurumia, akaniitia teksi. Nilimwacha mdogo wangu amekaa kwenye nyasi amefungwa pingu, nikapanda teksi kwenda hospitali. Nilikukuta umevalishwa kitu cha kupumulia, unachora tembo. Mama Furaha alikuwa amekufikisha zamani.

Wakili wa kupewa na mahakama alimwambia Shaban akubali kosa, ni dogo, hatalala jela. Neno hilohilo, dogo. Shaban akakubali. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu wa kadi ya kijani, ile ya ukaaji, akikutwa na kosa la silaha, kadi hiyo haimlindi asirudishwe kwao. Watu wa uhamiaji walimfuata nyumbani asubuhi, amevaa viatu vya kazi. Nilimwona mara moja tu akiwa kizuizini, kioo katikati, simu mkononi. Nikamwambia nitakwenda kusema ukweli. Akasema, "Uende ili iweje? Waturudishe wote, mtoto abaki na nani?" Kisha akaniuliza kama nimetengeneza ule mfereji wa bafuni unaovuja, akaanza kunieleza namna ya kubana nati.

Walimrudisha Tanga na begi moja.

Wewe nilikuambia mjomba amechoka na baridi. Ukaniuliza kwa nini hakusubiri kiangazi. Nami miaka baadaye nikaapa uraia, wakanipa bendera ndogo ya karatasi, nikaipeperusha na wenzangu, nikapiga picha. Ile iliyo sebuleni ambayo unasema ndiyo nimetoka vizuri.

Sasa unajua hasira yangu ina sura ngapi. Nina hasira na huyo mwanamume wa gerejini, na kama ningejua uso wake sijui ningemfanya nini. Nina hasira na polisi wanaomwambia binti wa watu asubiri mpaka afanyiwe. Nina hasira na yule muuzaji mpole aliyekuuliza hata unataka rangi gani. Nina hasira na wewe kwa kuninyima hofu yako. Hofu ya mtoto ni haki ya mzazi, usidhani ulikuwa ukinipunguzia mzigo. Na makosa yangu mwenyewe siyasemi sana, umeshayasoma. Ila sitakwambia nilifanya makosa kwa ajili yako. Ulikuwa mtoto unayechora tembo. Aliyetia bastola kwenye kisanduku ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi, na kunyamaza kuliendelea miaka yote hii kwa sababu kulikuwa kuzuri kwangu.

Juzi nilimpigia Shaban. Nikamwambia habari ya duka, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

"Unataka nimkataze?" akaniuliza.

"Nataka umwambie."

"Mimi nimwambie nini? Mwambie wewe. Ulikuwepo."

Nikamwambia naogopa utatuona vipi. Nikasikia mtu anagonga chuma karakanani kwake. Kisha akasema, "Dada, mimi nilimzika Mama yetu kwa mikono yangu. Wewe ulitazama kwenye simu. Usikae ukadhani mimi ndiye niliyekosa kila kitu." Sikujua kama ananifariji au ananichapa. Mpaka sasa sijui. Nimekasirika naye pia, basi.

Lakini neno moja alilisema nakufikishia kama lilivyo: "Kama ataibeba, asiibebe kwa sababu ni ndogo. Aibebe kama nzito kuliko zote."

Sikukatazi. Una akili zako, una mshahara wako, na huyo mtu wa gerejini si wa kubuni. Ila ukinunua, nunua unayoweza kuishika kwa mkono mzima na kuivuta ukiwa na jasho, hata ikikulazimu ubadilishe nguo unazovaa. Kwenye mkoba usiitie. Mkoba ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokivuta, na wewe mkoba wako unausahau hata msikitini. Iwe mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio. Ukafanye mazoezi mpaka uchoke nayo, mpaka ikome kuwa siri tamu. Usipotaka kufanya hayo yote, basi hukuwa unataka bastola. Ulikuwa unataka kulala usingizi, na hilo ni jambo jingine, tulitafute kwa njia nyingine. Na sheria za sasa ukazisome mwenyewe, zimebadilika mara nyingi tangu enzi zangu. Usimwamini muuzaji, wala mimi usiniamini. Ila daraja liko palepale. Ukija kwangu unaiacha kwako, imefungwa na kufuli. Hata nikikupigia nikikwambia siwezi kupumua, fungua droo, iweke, funga, ndipo uwashe gari. Nitakungoja.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini. Nitakuwa mahakamani Rockville mlango ukifunguliwa, na wewe utakuwepo, na hizo kumbukumbu polisi walizokwambia uandike utakuja nazo. Tutaomba amri ya kumzuia huyo mtu asikukaribie. Wakisema turudi kesho, tutarudi kesho. Mimi kazi yangu kwenye makao ya wazee ni kulisha watu themanini wanaogoma kula, siwezi kushindwa na karani. Kila jioni nitakuja kukaa nawe kwenye gereji hiyo mpaka siku yako ya mwisho kliniki iishe, nikae ndani ya gari lako nimejifunga ushungi wangu, anione. Hilo halihitaji kibali cha jimbo lolote.

Umesema utaondoka kesho alfajiri ukwepe foleni, na kwamba utatoka kwa kunyata usinisumbue. Usinyate. Niamshe. Nitakuwa bado nina hasira, niamshe hivyohivyo.

Mama yako